Mti wa Spana, Mzizi Juu

Jumatatu, 4 Machi

Gereji hii ikinikosa asubuhi moja tu, magari ya mji mzima yatalala pale yalipo. Siandiki kwa majivuno. Naandika kwa sababu ukweli usipoandikwa huibiwa. Mafundi wana mikono, Madamu ana gereji, lakini zana zote ziko kwangu: ndani ya stoo, nyuma ya dirisha dogo lenye wavu, na ufunguo wa kufuli unaning'inia shingoni mwangu. Fundi bila spana ni mtu aliyevaa ovaroli chafu tu. Na spana haitoki bila mimi. Sasa nani anaendesha nani?

Hapa wote wananiita Mjomba, hata wanaonizidi umri. Heshima haiombwi.

Leo lakini nimevunjiwa adabu. Fundi Gia, mkuu wa mafundi, alitaka spana namba kumi. Nikaingiza mkono kwenye pipa. Spana zangu zote hukaa kwenye pipa moja. Ni mpango niliouanzisha mwenyewe na una faida yake: kama spana haiko juu, basi iko chini. Nikatoa kumi na tisa. Nikatoa nane. Nikatoa kumi na tisa ileile. Mwenye gari akashuka akauliza kwa sauti kama tunatafuta spana au tunachimba kisima. Fundi Gia akamjibu kwamba Mjomba anavua, ila leo samaki hawali. Mafundi wakacheka mpaka yule aliyekuwa chini ya gari akagonga kichwa.

Madamu akatoka ofisini. Madamu ndiye mwenye gereji. Akivua miwani, hata mbwa wa jirani hunyamaza. Akavua miwani. Akasema pipa amelichoka. Hapo hapo, bila kuulizwa, fundi wa rangi, yule tunayemwita Brashi, akajitokeza na tabasamu lake la kopo jipya. Eti atapaka ukuta, achore kivuli cha kila spana, kila moja ikae kwenye kivuli chake, hata mtoto mchanga aione. Nikasema mimi pia nina mpango wangu, mkubwa zaidi. Madamu akauliza upi. Nikasema ni siri ya kitaalamu.

Sina mpango wowote.

Madamu ameamua hivi: tarehe kumi na nane kutakuwa na jaribio. Atakayetoa spana haraka atashika ufunguo wa stoo. Atakayeshindwa atashuka shimoni, chini ya magari, akwangue oili.

Shimoni! Mimi! Wakwe zangu wanajua mimi ni Meneja wa Zana. Mama watoto amewatangazia mpaka walioko ng'ambo. Meneja harudi nyumbani na oili masikioni.

Jumanne, 5 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Nimepata mpango!

Nilipita kwa dada yangu jioni kuangalia kama chakula kimeiva. Kilikuwa bado. Mpwa wangu, binti yake, yupo chuoni anasomea kompyuta. Nikamkuta mezani anachora viduara vilivyoungwa kwa mistari, vinashuka kama ukoo. Akanipa shikamoo, nikamwitikia, nikamuuliza mbona anachora zabibu. Akasema huo ni mti, Mjomba. Nikaugeuza ule mchoro. Akaugeuza tena. Eti miti ya watu wa kompyuta ina mzizi juu na matawi chini. Nikaitikia kwa heshima ya elimu, ila moyoni nikasema hawa watu hawajawahi kulima.

Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba. Walimu walikuwa wameishiwa.

Akanieleza. Kila kiduara kina namba. Namba ndogo kuliko yake zinakaa kushoto kwake, kubwa zinakaa kulia, na hivyo hivyo mpaka chini. Ukitafuta namba, unaanza juu. Unayoitafuta ni ndogo? Shika kushoto. Ni kubwa? Shika kulia. Kila hatua unaliacha nyuma tawi zima bila hata kulitupia jicho. Nikamwambia sisi mafundi hilo tunalijua tangu zamani. Akauliza tunaliitaje. Nikamwomba maji ya kunywa.

Halafu akasema neno lililonisimamisha nywele. Kuna mti wa aina hiyo unaojipanga wenyewe! Hauandiki popote nani maarufu, nani si maarufu, wala haupimi tawi gani limelemea. Una desturi moja tu: kila unayemtafuta, ukishampata unampandisha mpaka juu kabisa, penye mzizi. Kwa hiyo wanaotafutwa sana wanajikuta wako karibu na juu, na wasiotafutwa wanazama polepole, hakuna aliyewafukuza.

Nikasimama. Nikavaa kofia. Spana!

Mpwa akacheka, akasema kwa spana chache kama zetu ningezipanga tu kwenye rafu, kutoka ndogo mpaka kubwa, yakaisha. Rafu! Brashi anapaka ukuta mzima, mimi nije na rafu? Akasema basi ningoje, kule kupandisha kuna kanuni yake, si kupandisha tu. Nikamwambia kwa mtu mwenye akili, nusu ya maneno inatosha. Nilishavuka kizingiti.

Nimerudi mara moja kula, kisha nikaondoka tena.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya kuandikwa kwa wino wa dhahabu. Nimejenga mti!

Nimekata vibao vya plaiwudi, kila spana na kibao chake, namba nimeziandika kwa chaki ya mafuta. Juu ya kila kibao kuna kulabu ya waya. Chini kuna vitundu viwili, cha kushoto na cha kulia. Spana inaning'inia kwenye kibao chake, kibao kinaning'inia kwenye kibao cha juu yake, na cha juu kabisa kinaning'inia kwenye boriti. Spana ikiazimwa, kibao kinabaki kushika nafasi. Nimezipachika kwa jinsi zilivyotoka pipani: ya kwanza kumi na tatu, hiyo ikawa mzizi. Ikaja kumi, ndogo, kushoto. Ikaja kumi na saba, kubwa, kulia. Na kuendelea. Stoo yangu haina taa, namba hazionekani mpaka uzisogelee, kwa hiyo nafuata njia kwa kidole kutoka juu: kushoto, kulia, kulia, hiyo hapo. Hata kipofu angeweza.

Kupandisha ni kazi ya kulabu. Mtoto anang'olewa, anapachikwa mahali pa baba, na baba anashuka kuning'inia chini ya mwanawe. Kama mtoto alikuwa na mtoto wake upande ule wa ndani, unaomwelekea baba, huyo mjukuu anakosa pa kushika, basi anachukuliwa na yule aliyeshushwa. Baba amepoteza kiti lakini amepata mjukuu wa kulea. Nimeona familia nyingi zinaishi hivyo.

Fundi Gia akaja dirishani, akafungua mdomo kusema kumi. Kumi ikawa mkononi mwake kabla hajaufunga! Akarudi kutaka kumi na tatu. Hiyo. Kumi tena. Hiyo. Maana gereji nzima, kusema kweli, inaishi kwa spana tatu nne tu, na zote sasa zinakaa juu kama waheshimiwa kwenye jukwaa. Fundi Gia akainama, akachungulia ndani kupitia wavu, akauliza kama nimeanza kufuga popo. Wivu.

Mchana akaja Brashi. Alikuwa amejipaka rangi nyekundu mpaka nyusi. Akasema, kwa upole wa paka, kwamba anaomba namba thelathini na mbili. Hiyo ni spana ya malori. Hatujapokea lori tangu mvua ya mwaka juzi. Ilikuwa chini kabisa kulia, ina utando wa buibui. Lakini desturi ni desturi: nikaitoa, nikakipandisha kibao chake mpaka kwenye boriti. Brashi akaishika, akaitazama, akasema asante Mjomba, nilitaka tu kujua uzito wake, akairudisha. Sasa mzizi wa mti wangu ni spana isiyo na kazi! Imekaa juu ya kumi! Juu ya kumi na tatu!

Nikampigia simu mpwa. Akasema nisijali, hakuna wa kuishusha. Wengine wakiitwa watapita juu yake, itazama yenyewe. Na kweli, hata muda haujapita, watu wakaomba kumi na mbili, kumi, kumi na tatu, na yule bwana mkubwa akajikuta pembeni hajui kilichompata. Nawajua watu wa namna hiyo. Mmoja ana brashi.

Alhamisi, 7 Machi

Jana sikulala vizuri kwa sababu ya akili.

Nimewaza hivi. Kama anayeitwa sana ndiye hupanda juu, basi desturi hii si ya spana peke yake. Ni ya dunia nzima. Nani anayeitwa gerejini kutwa? Madamu. Nani yuko juu? Madamu. Hesabu imekubali. Kwa hiyo mtu akitaka kupanda, hana haja ya kungoja jaribio la tarehe kumi na nane. Afanye tu aitwe.

Asubuhi nikafunga stoo, nikaenda kukaa nyuma ya rundo la matairi, mahali penye kivuli, na kikombe changu cha chai. Nikangoja kupanda.

Haikuchukua muda. Mjomba! Ni Fundi Gia. Nikanyamaza, maana anayeitika mara ya kwanza anajipunguzia idadi. Mjomba wee! Mjomba, kumi na mbili! Akaja mwingine: Mjombaaa! Mpaka yule aliyekuwa chini ya gari akaanza kunitaja, mimi na mama yangu mzazi, sijui mama ameingiaje. Brashi naye akasaidia bila kujua, akawa anaimba Mjomba, Mjomba, huku akipaka ukuta wake. Kila walipofikia kukata tamaa nikajitokeza, nikatoa spana moja, nikafunga, nikarudi matairini. Jina langu liliruka juu ya mabati. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, na nilimwona Madamu amesimama hapo, anasikiliza. Anahesabu, nikajua.

Adhuhuri akaniita yeye mwenyewe. Nikanawa uso. Nikachomekea shati.

Madamu akasema tangu asubuhi ameshindwa kuzungumza na mteja kwenye simu kwa sababu ya jina langu. Mteja alimuuliza huyo Mjomba amefariki au vipi. Nikamwambia huo ndio umuhimu, Madamu. Akavua miwani. Akasema ameona hakuna haja ya kungoja tarehe kumi na nane. Jaribio ni Jumamosi hii.

Jumamosi hii! Ni kesho kutwa!

Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya sifa zangu. Akasema nifunge mlango nikitoka, niwe upande wa nje.

Ijumaa, 8 Machi

Mpwa amekuja kwangu baada ya masomo, bila kuitwa. Amesema mama yake ana wasiwasi. Dada yangu ana wasiwasi tangu nizaliwe.

Akamwaga vifuniko vya chupa mezani, akavipanga kama mti. Akasema leo nitakaa chini nisikie kanuni yote. Nikakaa. Mama watoto naye akaja kusikiliza, jambo lisilo la lazima.

Kanuni yenyewe ni hii, naiandika kama alivyoisema. Anayepandishwa asimtazame baba yake tu. Amtazame na babu. Kama mtoto na baba wamekaa pande tofauti, mmoja ameelekea kushoto na mwingine kulia, mtoto apande juu ya baba kwanza, kisha juu ya babu, na hao wawili watamkalia huku na huku kama mabega. Lakini kama mtoto na baba wote wameegemea upande mmoja, foleni iliyonyooka, basi aanze kupanda baba juu ya babu, ndipo mtoto apande juu ya baba. Kama hakuna babu, apande mara moja, basi.

Nikainua mkono. Nikauliza: aliyeitwa ni nani? Mtoto. Baba ameitwa? Hajaitwa. Sasa baba anapandishwa kwa lipi? Mama watoto akasema hilo swali nimuulize mama yangu mzazi. Wakacheka wote wawili. Nikangoja wamalize.

Mpwa akasema kazi ni ileile, kulabu zinahama sawasawa. Kinachobadilika ni nani anatangulia. Akanionyesha kwa vifuniko. Akapanga foleni ndefu iliyoegemea upande mmoja, akampandisha wa mwisho kwa njia yangu, yaani peke yake, akiwaruka wazee. Akafika juu, lakini foleni nyuma yake ikabaki ndefu vilevile. Akairudisha, akampandisha kwa kumtanguliza baba kila hatua. Akafika juu, na foleni yote ikawa imejikunja, urefu wake karibu nusu. Akasema, Mjomba, unaona? Kumfuata aliye chini sana kuna gharama, hilo haliepukiki. Lakini ukipanda vizuri, safari hiyo hiyo inawafupishia njia na wote uliowapita. Leo umeumia mgongo, kesho na keshokutwa unaokota kwa kunyoosha mkono tu. Ukijumlisha mwisho wa juma, umepata nafuu. Ukipanda kwa kuwaruka, unaumia leo, na kesho unaumia palepale.

Nikaitikia kwa kichwa. Akasema nirudie mwenyewe, kwa vifuniko. Nikamwambia mtu aliyewahi kutambua gia mbovu kwa harufu, akiwa kitandani, hachezi na vifuniko vya chupa. Akaniomba tena. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hapendi kuniona shimoni.

Shimoni ataingia Brashi. Nimeshamwandalia matambara.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nimekaa kwa ubavu. Magoti hayakunjiki.

Wote walikuwepo. Madamu kwenye kiti, mafundi kwenye matairi, mpwa wangu amesimama karibu na dirisha langu na mkoba wake wa chuo. Magari mawili yalikuwa yanangoja kufunguliwa injini. Sasa, Fundi Gia ana tabia yake. Kabla hajagusa injini hutandika kitambaa cheupe chini na kulaza spana zote juu yake, kuanzia ndogo kabisa mpaka kubwa kabisa, kama daktari anayejiandaa kupasua. Haanzi mpaka foleni imekamilika. Miaka yote anafanya hivyo kwenye injini kubwa. Nilikuwa nalijua? Nalijua kama ninavyojua jina langu. Nililifikiria? Mtu hawezi kufikiria kila kitu.

Gari la kwanza. Akaomba sita. Saba. Nane. Kumi. Mimi nikawa natoa, napandisha, natoa, napandisha, kila mmoja peke yake kwa heshima yake, wazee nikiwaacha walipo. Ilikwenda! Niliinama kidogo hapa na pale, lakini ilikwenda. Alipochukua ya mwisho, thelathini na mbili, nikawapungia mkono mafundi kupitia wavu.

Kisha nikageuka kuutazama mti wangu. Haukuwa mti. Ulikuwa mkia. Thelathini na mbili juu kwenye boriti, chini yake kushoto inayofuata kwa ukubwa, chini yake kushoto nyingine, kushoto, kushoto, mpaka sita, na sita ilikuwa imelala sakafuni kwenye vumbi.

Fundi Gia akarudisha spana zote, nikazitundika kwenye vibao vyake. Gari la pili. Akatandika kitambaa. Akasema: sita.

Nikapiga magoti. Nikafuata njia kwa kidole kutoka boriti mpaka sakafu, nikaitoa, nikaipandisha hatua kwa hatua mpaka juu. Nikapumua. Akasema: saba. Nikatazama. Saba iko wapi? Sakafuni! Nikapiga magoti. Nikaipandisha. Akasema: nane. Nane nayo, mtoto wa watu, hukohuko chini! Kila niliyemfikisha juu, anayefuata alikuwa bado ananingoja vumbini, kama wameambizana. Nikawa nainuka na kuinama, nainuka na kuinama. Nje wakaanza kuhesabu kwa sauti. Brashi akauliza kama stoo sasa imekuwa nyumba ya ibada. Fundi Gia akasema, pole pole Mjomba, usije ukazalia humo.

Nilimaliza. Sitaandika baada ya muda gani.

Zamu ya Brashi. Kwa haki lazima niseme ukuta wake ulipendeza, vivuli vyekundu vimejipanga kama gwaride. Akaombwa sita, akanyoosha mkono, akatoa. Saba, akatoa. Upepo! Moyo wangu ukashuka shimoni kabla yangu. Lakini asubuhi alikuwa ameongeza mkono wa mwisho wa rangi ili ing'ae. Haikuwa imekauka. Fundi Gia akapokea spana nyekundu kwa mkono safi, akaegemea mlango wa gari la mteja, gari la rangi ya maziwa, akaacha vidole vyake vyote vitano pale. Juu ya hayo, kivuli cha kumi na mbili na cha kumi na tatu ni mapacha; zilikuwa zimebadilishana nyumba. Fundi Gia akachubua nati ya kwanza. Madamu akatazama kile kiganja mlangoni kwa muda mrefu sana. Nikaanza kupata nafuu ya magoti.

Hapo mpwa wangu akaomba ruhusa. Akasema, Madamu, samahani, huo mti si mbaya. Ni mjomba wangu tu anaupandisha vibaya. Angalau alisema mjomba wangu. Akaingia stoo. Akaukuta mkia wangu uleule, sita imerudi sakafuni. Fundi Gia akatandika upya, akasema sita. Mpwa akapiga magoti! Nikacheka kwa nguvu, nikawaambia mafundi si mnaona. Akapandisha, baba kwanza, kisha mtoto, baba kwanza, kisha mtoto. Fundi Gia akasema: saba. Mpwa hakupiga magoti. Aliinama tu. Mkia ulikuwa umejikunja, umefika usawa wa kiuno. Nane, akainama kidogo kuliko mwanzo. Zilizofuata, akawa amesimama wima, ananyoosha mkono huku, ananyoosha huku, wala hapumui kwa shida. Fundi Gia alikuwa anaomba, naye anampa, anaomba, anampa, mpaka thelathini na mbili. Stoo ileile, giza lilelile, vibao vilevile nilivyokata mimi.

Hakuna aliyecheka. Hicho ndicho kilichoniuma.

Madamu akauliza nani mwingine amesikia kanuni hiyo. Nikainua mkono. Akaniambia niieleze. Nikaeleza kwamba mtoto akiitwa, basi ni haki, kwa mujibu wa, yaani kwa kawaida ya mti. Akaniambia nishushe mkono. Wakati huohuo Brashi, mnafiki, alikuwa ameshamsogelea mpwa, anamuuliza: kwa hiyo wakiegemea upande mmoja, baba anaanza? Na wakitofautiana? Akakosea. Akauliza tena. Akarudia mwenyewe, kidole kwenye vibao, akichafua vyote kwa rangi. Akapatia.

Uamuzi wa Madamu: mti ubaki. Ukuta upakwe chokaa. Ufunguo apewe Brashi.

Nikauvua shingoni. Kamba yake ilinikwama sikioni, ikabidi mpwa anisaidie. Akaninong'oneza kwamba vibao nimevikata vizuri, kulabu hazijafunguka hata moja. Nikamwambia najua.

Kisha akamwendea Madamu, wakaongea pembeni. Sikusikia. Madamu akarudi, miwani machoni, akasema shimoni sitaingia. Magoti yangu yameshafanya kazi ya juma zima. Kuanzia Jumatatu nitapokea magari getini.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepandishwa cheo.

Mama watoto ameshawaarifu wakwe. Mkuu wa Lango! Meneja wa Zana alikuwa ndani, gizani, nyuma ya wavu kama kuku. Mkuu wa Lango anakaa juani, watu wanamwona. Hakuna gari linaloingia bila mimi, hakuna linalotoka bila mimi. Fundi bila gari ni nini? Ni mtu na spana yake tu. Brashi na akae na popo wake. Nimepita dirishani leo, nimemkuta ananong'ona, baba kwanza, baba kwanza, kama anasoma dua. Nikamwambia asikaze sana kichwa, mti huo niliuanzisha kwa kuutazama tu. Akasema shikamoo Mjomba. Ni lazima aniamkie. Mimi ni mkubwa kwake.

Nimekaa hapa tangu asubuhi na nimeshagundua kasoro. Magari uani yanapangwa kwa kufika. Nani alisema? Nimeanza mpango mpya: mteja anayepiga honi sana ndiye asogezwe mbele, karibu na mafundi. Anayeitisha hupanda. Nimewaeleza wateja watatu wa kwanza, waliosimama nje ya lango, wameelewa vizuri mno. Sasa hivi wanapiga honi wote kwa pamoja, na mwenye gari la rangi ya maziwa anapiga kwa mikono miwili. Madamu amefungua dirisha la ofisi. Anavua miwani. Bila shaka anataka kujua wazo ni la nani.

Nitampelekea mwenyewe, nikishafungua lango kwa hawa.

Lango lenyewe, kwa kuwa humu naandika peke yangu, ni kamba iliyofungwa kati ya mapipa mawili. Na fundo lake sijaliweza bado. Leo asubuhi, kabla sijafika, Brashi ndiye aliyelifunga.